Msanifu wa Mabomba na Hewa ya Kigoma

Mgeni azuruye Ujiji huonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Enzi hizo maji yalikuwa karibu. Leo hana budi kutembea ndipo aufikie ufuko. Ziwa Tanganyika lilijaa hadi mwaka 1878, likakiondoa kizuizi cha udongo na mimea kilichouziba mto Lukuga upande wa Kongo, na katika muda usiofika miaka 20 usawa wake ukashuka kwa mita 10 hivi. Mwaka 1964 lilijaa tena, na miaka ya 2020 na 2021 likaingia katika nyumba na gati za kandokando.

Msanifu wa mabomba atakiwaye kuchora mtambo wa kuchotea maji katika ufuko huo ana mtihani mgumu. Akiiweka pampu chini, mafuriko yataizamisha. Akiipandisha mlimani kwa usalama, huenda isipate maji kabisa. Sababu ni kwamba pampu haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza tu hewa iliyomo bombani, na mgandamizo wa hewa ya nje ndio uyasukumao maji juu. Katika usawa wa bahari mgandamizo huo waweza kuyainua mita 10.3, wala si zaidi. Lakini Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi zaidi, na ukomo ni mita 9.4. Toa humo msuguano wa bomba, chujio na vali, toa na mahitaji ya pampu yenyewe. Hubaki mita 6 au 7, pengine pungufu. Ziwa likishuka kupita hapo, maji huchemka ndani ya pampu bila ya moto, na viputo vyake vikipasuka huyala mapanga ya chuma kama mchwa alavyo mlango.

Wahandisi wakongwe wa nchi nyingi hulalamika kwamba wasanifu vijana hawayajui mambo haya ya msingi, na lalamiko hilo lina ukweli. Zamani mchora ramani wa mabomba alianzia shule ya ufundi kama Ifunda au Moshi, akapitia Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka 1997 ni Taasisi ya Teknolojia, kisha akakaa chini ya mkongwe aliyemrudishia mchoro hata mara tatu. Kalamu ilikwenda polepole, na akili ikapata nafasi ya kuuliza. Leo kompyuta huchora kwa siku moja kazi ya wiki. Hakuna mwenye busara atakayeikataa. Walakini kompyuta hupokea 10.3 kama ipokeavyo 9.4, na mchoro hutoka safi vilevile.

Kuwalaumu vijana peke yao ni uonevu. Kosa huanza mapema, katika darasa la fizikia. Mwanafunzi wa Kigoma akiulizwa mgandamizo wa hewa hujibu upesi: sentimeta 76 za zebaki. Hupewa alama zote. Ilhali chombo cha zebaki kikiwekwa shuleni kwake kingesoma 69 hivi. Hiyo 76 ni ya watu wa Tanga na Mtwara! Mwalimu asiyelisema hilo amemzoeza kukariri tarakimu ya mahali pengine, na tabia hiyo ndiyo atakayoingia nayo ofisini.

Zebaki ni sumu, tena ni ghali; haihitajiki. Mpira mwangavu, mgumu usiobonyea, wa mita 12, pamoja na ndoo ya maji na jengo la ghorofa nne vyatosha. Mpira ujazwe maji pasibaki hewa, ncha moja izibwe barabara, ya pili ibaki ndani ya ndoo, kisha ile iliyozibwa ipandishwe kwa kamba. Ikipita mita 9 na kidogo, maji yataachana na kizibo na viputo vitaonekana kama vya sufuria jikoni. Wanafunzi wa Tanga wakifanya jaribio hilohilo watapata mita 10.