Google ya Kenya ya nini, kama Garissa haijaandikwa?

Wadau, nimeusikia tena ule wimbo: Wakorea wana Naver, Warusi wana Yandex, kwa nini sisi tusiwe na mtambo wetu wa kutafutia? Hapa Garissa kuna vijana wenzangu waliosoma kompyuta wanaouota usiku na mchana. Mimi naandika programu, ndiyo kazi yangu, na nasema ndoto hiyo imeanzia mwisho.

Tazameni Naver ilivyopanda. Ilianza 1999, na kurasa za Kikorea mtandaoni zilikuwa chache. Hata uandike programu kali namna gani, itafute nini mahali patupu? Ndipo 2002 wakafungua huduma ya Knowledge iN: mtu anauliza, mwingine anajibu, jibu linabaki pale. Mgeni akifika Seoul anaambiwa ajifunze Naver kwa sababu majibu ya wenyeji yamo humo.

Sasa mgeni na afike Garissa. Soko la mifugo ni siku gani? Gari la Wajir linatoka saa ngapi? Modogashe kunapitika baada ya mvua? Atauliza steji au kwenye kundi la WhatsApp, na atajibiwa vizuri sana! Lakini jibu litazama chini ya salamu na picha za harusi, na mgeni wa kesho aanze upya. Huu si mchezo, jamani. Mafuriko ya Tana yalipokata barabara ya Nairobi, Novemba 2023 na tena Aprili 2024, swali la "kunavukika?" lilikuwa swali la uhai. Hiyo Aprili boti ilizama na watu wakafa.

Mtasema tukiandika, wakubwa watachukua. Ni kweli. Mocality ilikuwa saraka ya biashara za Kenya, iliyokusanywa na watu waliozunguka mitaani. Januari 2012 ikafichua kwamba watu waliofanya kazi kwa niaba ya Google walikuwa wakiitumia orodha yake kuwapigia simu wafanyabiashara. Google ikaomba radhi. Lakini angalieni nani alimwendea nani: mwenye mtambo mkubwa kuliko wote duniani alihitaji orodha ya mwenyeji!

Kazi ya kiufundi ipo, na wala haihitaji mamilioni. Kisomali kina tahajia rasmi ya Kilatini tangu 1972, ila vitambulisho vyetu vinaandika kwa mtindo wa Kiingereza. Cabdi ni Abdi, Xuseen ni Hussein, Wajeer ni Wajir, Gaarisa ni hapa hapa. Anayetafuta kwa tahajia moja anaweza kukosa kilichoandikwa kwa nyingine. Jedwali la kuziunganisha ni kazi ya wikendi chache, na mtu wa California hawezi kulitunga bila kutuuliza sisi.

Mimi nimeanza na majina ya bula za hapa mjini. Walioko Wajir na Mandera nitumieni ya kwenu, kila jina kwa namna zote mnazoliandika. Hata kwa SMS nitapokea.