Kaka Yupi Huyo?

Mama mpenzi, hapa Moshi mtoto akiita "Kaka!" sote twajua anamtaka ndugu yake wa kiume. Kwa Wagujarati wenye maduka mjini, kaka ni ndugu wa kiume wa baba. Kwa Kilingala maana yake ni "tu". Kule Sweden ni keki. Na kwa Wajerumani, ambao wamisionari wao walifika Machame mwaka 1893, watoto wadogo husema hivyo wakitaka kwenda haja kubwa.

Jumapili moja mtoto wa wageni kutoka Ujerumani alilia, "Kaka! Kaka!" Sisi tuliokuwa tukiwatunza watoto tukamletea kaka yake. Maskini, akajichafua. Watu wakacheka, nasi wauguzi tukacheka, naye akajificha nyuma ya mama yake. Mpaka leo twaona haya.

Jambo hili si la Wajerumani peke yao. Mtoto wako akienda kwa bibi yake Rombo, au akianza chekechea, huenda na maneno ya nyumbani kwenu. Asipoeleweka huona aibu, akabana haja. Haja ikikaa tumboni hukauka na kuwa ngumu, humuumiza anapoitoa, naye akazidi kuogopa choo.

Basi kabla hujamwacha, mwambie mlezi: akitaka haja ndogo husema hivi, kubwa husema hivi. Nawe ukiletewa mtoto wa mwenzio, uliza. Ni dakika moja tu, nayo humwepusha mtoto na machozi.