Jikaze Si Mafunzo

Kuna mkufunzi anayeamini kwamba mwanafunzi akilia katikati ya igizo, basi somo limeingia. Mwulize, atakwambia machozi ni ushahidi kuwa zoezi lina uhalisia. Mimi ni muuguzi. Nimepitia mafunzo hayo kama mwanafunzi, sasa nayaendesha, na nasema wazi: huo ni ukatili uliovalishwa koti jeupe.

Kwa asiyejua, siku hizi kuna wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wanaofundishwa kuzungumza na wagonjwa kwa maigizo ya papo hapo. Hakuna cha kukariri. Unapewa hali tu: mama amefiwa na mtoto wodini, wewe ndiye wa kumwambia. Ingia. Mizizi ya michezo hii iko Chicago, ambako Viola Spolin aliibuni akifundisha watoto wa wahamiaji. Mji huohuo ndiko Katie Watson alikoanza kuwafundisha kwa njia hii wanafunzi wa udaktari wa Northwestern mwaka 2002. Siipingi kabisa. Inafundisha kusikiliza kuliko slaidi mia. Kanuni yake kuu ni "ndiyo, na": pokea alicholeta mwenzako, kisha ongeza chako.

Sasa ona kinaya. Mwenzetu akituambia kwa mwili mzima kwamba amezidiwa, tunamjibu "hapana, lakini". Hapana, jikaze. Lakini wodini kuna mabaya zaidi ya haya.

Niliwahi kumwona muuguzi kijana akipewa nafasi ya mama aliyefiwa. Mikono ikaanza kutetemeka, sauti ikakatika. Mkufunzi akapaza sauti: "Safi! Hapo hapo, endelea!" Wengine wakapiga makofi. Wakati wa chai alichukua mkoba wake akaenda zake. Hakuna aliyeuliza.

Nani alijua alichobeba? Watu hawaji darasani wakiwa watupu. Kuna aliyetoka zamu ya usiku, amefunika maiti alfajiri. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na malipo ya wanagenzi yalikuwa kiini kimoja cha mgogoro huo. Halafu unamwita huyo msee mbele ya wenzake, unamwambia aigize msiba, bila kumwuliza kama kwao kuna matanga.

Nitaambiwa wodini hakuna anayesema "tusimame kwanza". Kweli. Ndiyo maana darasani lazima iwezekane. Rubani hufunzwa dharura kwenye mashine ya mazoezi, ardhini, kwa sababu pale akianguka hafi.

Na kumsaidia aliyezidiwa hakuhitaji bajeti ya kaunti. Taja mapema hali zitakazoigizwa, kila mtu achague yake. Kubalianeni ishara ya kusimamisha zoezi, ambayo anayeitumia hadaiwi maelezo. Wakufunzi wawe wawili: mmoja aendeshe, mwingine atazame nyuso. Mtu akitoka, huyo wa pili amfuate polepole, na maji mkononi, maswali ayaache. Asilazimishwe kurudi, wala kusimulia yake mbele ya watu. Mkimaliza, vueni uhusika: kila mmoja ataje jina lake halisi na aseme jioni anaenda kufanya nini. Kesho yake mpigie simu. Ikizidi hapo, mwelekeze kwa mshauri nasaha, kwa sababu wewe ni mkufunzi wake tu. Na usiandike popote kwamba amefeli.

Anayefundishwa kuficha ya kwake hujifunza pia kutoona ya wengine. Ndiye yule sista anayewaambia "mgonjwa wenu hayuko tena" akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Umeshakutana naye. Mlimlaani njia nzima kwenye matatu mkirudi nyumbani, na mlikuwa na haki. Ila mimi huuliza swali moja zaidi: siku yeye alipotetemeka, nani alimpigia makofi?