Mshipi Upo, Jaketi Liko Wapi?

Katika maji mafu yaliyopita jirani yetu mmoja, mvuvi wa mshipi hapa Pemba, alimchukua mwanawe wa miaka 12 wakenda kuvua nje, upande wa magharibi, pale mwamba unapokatika na bahari ikageuka nyeusi. Skuli zilikuwa zimefungwa. Walitoka baada ya sala ya alfajiri, na vitu vyao tuliwapimia sisi wenyewe dukani usiku wake: mshipi wa nailoni, ndoana kubwa sita, risasi ya chubwi na mikate miwili. Tukaviandika katika daftari la deni, kama ada.

Wako waliomlaumu baba huyu kwa kumtia mtoto baharini. Sisi hatuafikiani nao. Mtoto ana chuo chake na skuli yake, lakini nani mwingine atakayemfundisha kuupata mwamba usioonekana, kwa kulinganisha mnazi wa pwani na kilima kilicho nyuma yake? Nani atakayemwonyesha kwamba katika bamvua mkondo hulichukua chubwi lisitue chini? Au kuushika mshipi kwa kidole, akajua kwa mguso tu kama huyu ni changu adonoaye au ni chewa amezaye? Tena alimweleza kwa nini hununua ndoana kubwa: ndoana kubwa humwacha samaki mdogo akue, na juya la kukokota halimwachi hata mmoja. Laiti wakubwa wengi wangelipata somo hilo.

Lakini bahari yetu si ya mchezo. Mlango wa bahari baina ya Unguja na bara, mahali pengi kina chake hakifiki mita 50. Huu wetu wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi, na katikati kina chapita mita 700. Chombo kikishatoka juu ya mwamba nanga haishiki kitu, na mkondo hukichukua kuelekea kaskazini.

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilizimika baada ya adhuhuri, na upepo ukalala. Alasiri ikapita, magharibi ikapita. Mama wa mtoto alikaa mchangani asiseme neno, na sisi tukafunga duka tukasimama pamoja na watu. Kila mtu aliuliza apigiwe nani, na hapana aliyejua. Saa nne za usiku wakaja, wakivutwa na mashua ya wavuvi wa dagaa. Mtoto alishuka akicheka, amekumbatia chewa wa urefu wa mkono wake. Hakuvaa jaketi la kujiokolea, wala baba yake.

Tuanze lawama kwa nafsi zetu. Dukani mwetu mna ndoana za kila namna, na jaketi hamna hata moja. Tulijitetea kwamba hakuna anunuaye. Udhuru huo hatukuweza kuusema mbele ya mama yule.

Kisha twauliza. Ilipozama Spice Islander mwezi Septemba 2011, na Skagit mwezi Julai 2012, habari za majaketi ya melini zilijaa kila baraza, na ilikuwa haki. Ngalawa hatukusikia ikitajwa. Tangu mwaka 2020 tuna wizara yenye jina la uchumi wa buluu, na hotuba za buluu twazisikia kila msimu. Hatuupingi uchumi huo, illa twataka kujua kama mwenye mshipi yumo ndani yake. Mvuvi hutakiwa leseni. Basi anapoilipia na apewe majaketi ya watu wa chomboni mwake, na moja liwe la kimo cha mtoto, kwa maana watoto wanakwenda na wataendelea kwenda. Na kila bandari ndogo ibandikwe nambari moja ya simu ya kuitia msaada, yenye mtu wa kuipokea usiku. Hatudhani kwamba haya yahitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Sisi tumekwisha kuagiza majaketi mawili kutoka mjini, moja la kitoto, na bei yake tumeiandika katika daftari lile lile. Maji mafu yarudi juma lijalo, na baba yule jana alipita kuulizia ndoana.