Kariakoo inabomolewa bila picha

Simama na kamera kubwa kwenye mtaa wowote wa Kariakoo, Dar es Salaam, uone kama mlinzi hatakuuliza kibali. Piga picha ileile kwa simu, hakuna atakayegeuka. Hapo usalama haulindwi. Ni mazoea tu yanayoendelezwa.

Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyotengwa kwa ulinzi, na hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba katazo hilo limetambaa hadi kwenye maduka ya vitenge na bustani ya Mnazi Mmoja. Mlinzi hana orodha ya maeneo hayo, mpiga picha naye hana, basi kila mmoja anaamua kwa hofu yake.

Hasara yake haiyapati majengo maarufu. Boma la Kale, la enzi za Sultani Majid, lina picha tele. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, umbo lake halikupotea: lilisanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miamvuli ya zege inayokinga maji ya mvua lilishapigwa picha kutoka kila upande.

Nyumba ya Kiswahili haina bahati hiyo. Ina vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani kuna jiko na choo, na mbele baraza la saruji lililong'aa kwa kukaliwa, mahali pa bao, kahawa na vitumbua vya asubuhi. Aghalabu fundi aliijenga kwa uzoefu, bila karatasi ya msanifu. Ikiangushwa kupisha ghorofa, kinachobaki ni namba ya kiwanja.

Sisemi zisibomolewe. Kiwanja cha Kariakoo ni mali, na mwenye nyumba hawezi kulazimishwa kuishi chini ya bati bovu ili wengine wapate mandhari. Lakini kubomoa ni jambo moja, na kufuta kumbukumbu ni jingine.

Wapiga picha nao wana lao. Wengi wanakimbilia Daraja la Tanzanite jua likizama, mtaa wa nyuma wanaupita. Wakiingia huko, baadhi hawapigi hata hodi. Uani si barabarani: mama anayefua pale hajajitoa kwa umma, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenyeji wana sababu nyingine ya kumtilia shaka mgeni mwenye kamera: mara nyingi anayepiga picha nyumba yao ni dalali.

Kwa hiyo kumruhusu kila mtu apige anachotaka hakutoshi. Mamlaka ziweke mabango kwenye maeneo yaliyokatazwa, na pasipo bango mlinzi asimsumbue mtu. Kibali cha kubomoa kiambatane na picha za mbele, ukumbini na uani, zilizopigwa kwa ridhaa ya wanaoishi humo, zikiwa na tarehe na jina la mtaa, kisha zihifadhiwe kwenye Nyaraka za Taifa. Mwenye pesa za kujenga ghorofa kumi hashindwi kumlipa mpiga picha wa siku moja.