Afya ya Jamaa: Je, Yafaa Kuzuia Damu ya Mwezi?

Leo twagusa jambo ambalo wanawake hunong'onezana jikoni, na ambalo wanaume hujifanya hawalijui. Lakini baba anayelipa karo ya binti yake, na mwalimu anayeona kiti kitupu darasani siku tatu au nne kila mwezi, hawana haki ya kufumba macho. Swali lenyewe ni hili: Je, iko njia ya kuzuia damu ya mwezi? Na kama iko, je, yafaa kuitumia?

Naam, njia ziko. Nyingine ni msaada mkubwa kwa mgonjwa, nyingine hazina faida kwa aliye mzima, na nyingine ni udanganyifu mtupu. Basi tuzichambue, kama vile mama achambuavyo maharagwe na kutupa mawe.

Kwanza yafaa kujua damu hii yatoka wapi. Kila mwezi tumbo la uzazi hujitandikia utando laini, kama mtu atandikavyo kitanda akimngojea mgeni. Mgeni huyo, yaani mimba, asipofika, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 10 na 16, na wanawake wengi hukoma wakaribiapo miaka 50. Kwa kawaida damu hutoka siku 2 mpaka 7. Katika miaka ya kwanza hesabu ya siku huweza kuvurugika; jambo hilo peke yake si ugonjwa.

Dawa za hospitali haziweki kizibo. Nyingi huuzuia utando wenyewe usinenepe. Kwa hiyo wanaosema kwamba damu iliyozuiwa hupanda kichwani au huoza tumboni wanakosea: hakuna damu iliyofungiwa ndani. Lakini msichana ambaye hajaona damu kamwe, naye huumwa tumbo kila mwezi kwa siku zile zile, na apelekwe hospitalini, maana huenda njia yake imezibwa tangu kuzaliwa.

Sasa tuzitaje njia zenyewe. Iko ya kuahirisha tu: vidonge vya noretisteroni. Mwanamke huanza kuvimeza siku 3 kabla ya damu kutazamiwa, na akiviacha, damu huja baada ya siku 2 au 3. Vidonge hivyo, vikitumiwa namna hiyo, havizuii mimba. Wala havifai kwa mwenye mimba, au kwa aliyepata kuganda damu katika mishipa. Viko pia vidonge vya uzazi vyenye dawa mbili, vikimezwa mfululizo bila kupumzika. Mwaka 2019 waganga wa Uingereza walieleza wazi kwamba mapumziko ya siku 7 hayaleti faida yo yote ya afya. Lakini mwenye shinikizo la damu, au mwenye kuumwa kichwa cha upande mmoja pamoja na kuona vimulimuli, asivitumie.

Sindano ya miezi mitatu huchelewa kufanya kazi hiyo: mwanzoni damu huja ovyo, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya wanawake hawaioni tena. Akiiacha, huenda akangoja mwaka mzima kabla ya kupata mimba. Kitanzi chenye dawa hupunguza damu sana, na baada ya mwaka mwanamke mmoja katika watano haioni kabisa. Msikichanganye na kitanzi cha shaba, ambacho huizidisha damu! Kijiti cha mkononi hakitabiriki: huyu damu yakoma, yule yamtoka matone kila juma. Mwisho kuna kuondoa tumbo la uzazi kwa kisu. Njia hiyo haina kurudi nyuma, nayo ni kwa ugonjwa uliokataa dawa nyingine.

Tena ziko dawa zisizozuia damu bali huipunguza, nazo humezwa siku za damu tu: asidi traneksamiki, ambayo huweza kupunguza karibu nusu, na ibuprofeni, ambayo hutuliza maumivu pia. Mara nyingi hizo zatosha.

Je, ni nani wa kutibiwa? Si kila anayechoshwa na siku zake. Ni yule anayetokwa na damu zaidi ya siku 8, au anayelowesha kitambaa kizima kila saa moja au mbili, au anayetoa mabonge makubwa, au anayepata kizunguzungu na kupauka viganja. Katika nchi yetu homa ya malaria na minyoo ya safura huila damu ya watoto tangu utotoni. Msichana wa Mulongo anayeishiwa damu kila mwezi juu ya hayo yote huweza kufika hatari haraka. Na kutoka huku kandokando ya Lualaba mpaka Kamina ni safari ndefu kwa mgonjwa. Wako pia wenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ambao wengine hushikwa na maumivu ya mifupa kila wanapoingia mwezini. Kwao sindano ya miezi mitatu huweza kupunguza maumivu hayo. Na mwanamke aliyekwisha koma, kisha akaona damu tena, asifurahi kwamba ujana umerudi. Na aende upesi kupimwa, maana huenda ni saratani.

Hapa wazazi wengine Wakatoliki husita. Husema: 'Hizi ni dawa za kuzuia uzazi, Kanisa limezikataza.' Wanamrudisha binti nyumbani bila dawa, naye aendelea kutokwa na damu. Wapenzi, tusikilize vema. Noretisteroni ilitengenezwa mara ya kwanza katika nchi ya Meksiko mwaka 1951. Mwaka 1957 serikali ya Marekani iliruhusu vidonge vya namna hii kwanza kuwa dawa ya magonjwa ya hedhi. Ruhusa ya kuzuia mimba ilikuja mwaka 1960 tu. Papa Pius XII, aliposema na waganga wa damu tarehe 12 Septemba 1958, alikwisha fundisha kwamba mwanamke aweza kumeza dawa hiyo kwa ajili ya ugonjwa wa tumbo la uzazi. Na Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, ile ile iliyokataa kuzuia uzazi, aliweka wazi katika fungu la 15 kwamba dawa iliyo ya lazima kwa kuponya mwili haikatazwi, hata kama yazuia mimba, mradi mtu asiitafute kwa ajili hiyo. Basi anayemnyima binti mgonjwa dawa asiseme amelitii Kanisa.

Tukumbuke yule mama wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Bwana Yesu hakumkemea kwa kugusa vazi lake. Alimwita binti, mbele ya watu wote. Sisi nasi tusimfiche mgonjwa kama mwenye kosa.

Lakini kuna upande wa pili. Wasichana wengine wazima, kwa kuogopa aibu shuleni au siku ya mtihani, hunywa mizizi, chumvi nyingi, au vidonge vilivyonunuliwa sokoni bila jina. Wengine hujiingizia majani. Hakuna aliyepima mizizi hiyo; yaweza kuharibu figo na ini, na majani huleta uchafu ndani. Na msichana ambaye damu imekoma yenyewe asishangilie kwamba dawa imefaulu: huenda ana mimba, au njaa imemdhoofisha, au ni mgonjwa.

Binti mzima hahitaji kuzuiwa damu. Ahitaji vitambaa safi vilivyofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, si kufichwa mvunguni. Ahitaji choo cha shule chenye mlango na maji. Ahitaji mama, au shangazi, amweleze mapema, kabla ya siku ya kwanza kumtisha. Ahitaji samaki, maharagwe na sombe mezani. Na akipewa vidonge vya madini ya chuma, asivimeze kwa chai, maana chai huvizuia visiingie mwilini.

Basi, enyi akina baba, mtoapo fedha za daftari, toeni na za sabuni na kitambaa. Enyi akina mama, hesabuni siku za binti zenu pamoja nao. Zikizidi 8, nendeni hospitalini na hesabu hiyo mkononi. Nanyi wanafunzi wa kiume, atakayemcheka mwenzake kwa doa katika sketi na akumbuke kwamba bila damu hiyo mama yake asingalimzaa.