RAMANI YA KIWANDA SI SIRI YA TAJIRI



Katika mikutano ya matawi huzungumzwa mishahara, likizo, saa za ziada na gari la kupeleka wagonjwa hospitali. Ni mara chache mno anasimama mwanachama na kuuliza habari za jengo lenyewe: ni nani aliyelichora, alilichora kwa kazi gani, na ni nani aliyetia sahihi kwamba watu mia tatu waweza kuingia humo kila asubuhi pamoja na mashine zao. Anayeuliza huambiwa kwamba hayo ni mambo ya wasomi na ya mwenye mali. Sisi hatukubali. Jengo likianguka, msomi yuko ofisini kwake mjini na mwenye mali yuko kwake. Aliye chini ya zege ni mfanyakazi.

Tuutazame mfano wa Bangladesh, maana hakuna wa wazi kuliko huo. Mahali paitwapo Savar, karibu na mji wa Dhaka, palikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, na ya tisa ilikuwa inajengwa. Chini mlikuwa na maduka na benki, juu mlikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Msanifu aliyelichora alisema baadaye kwamba alilichora kwa maduka na ofisi, si kwa viwanda. Sasa fikiria: sakafu iliyopimwa kubeba meza na makabati ikabebeshwa cherehani kwa mamia, marobota ya vitambaa, na jenereta nzito zinazotetemesha nguzo kila zinapowashwa.

Tarehe 23 Aprili 2013 nguzo zilionekana kuwa na nyufa. Mhandisi aliitwa, akasema watu watoke. Benki ilifunga, maduka yakafunga. Asubuhi ya tarehe 24 wafanyakazi wa benki walikuwa nyumbani salama, lakini washonaji walirudishwa ndani, wengine wakitishwa kwamba mishahara yao itakatwa. Umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, na kabla ya saa tatu jengo zima lilikuwa chini. Watu 1,134 walikufa, na wengine zaidi ya 2,000 waliumia, baadhi yao wakakatwa miguu na mikono palepale ili watolewe kwenye vifusi.

Ndugu, ufa ule uliwatoa wa benki na haukuwatoa washonaji. Nyufa zilikuwa zilezile na nguzo zilezile. Tofauti ilikuwa kwamba wa benki walikuwa na mkubwa aliyesema "tokeni", na washonaji hawakuwa na chama chenye nguvu ya kusema "hatuingii". Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2005, Savar hiyohiyo, kiwanda kingine cha nguo kilikuwa kimekwisha kuanguka na kuua watu 64.

Sasa tuseme jinsi kazi hii inavyopasa kwenda, maana mambo yakielezwa kwa lugha yetu si magumu hivyo. Mwenye mali akitaka kujenga humwajiri msanifu wa majengo kwa mkataba. Msanifu huuliza jengo ni la kazi gani, kisha huchora. Mhandisi hupiga hesabu za nguzo, mihimili na misingi kufuata kazi hiyo. Ramani hupelekwa halmashauri au manispaa, ikaguliwe na kupewa kibali. Ndipo mkandarasi hupewa kazi kwa mkataba mwingine, na huyu hulipwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda, msanifu akithibitisha kwa maandishi kwamba kazi ya kiasi hiki imefanyika sawasawa. Sehemu ya fedha huzuiliwa mpaka kasoro zimerekebishwa. Mwisho hutolewa hati ya kuruhusu jengo litumike. Jengo likibadilishwa kazi, godauni likageuzwa karakana, mlango huo wa kibali hufunguliwa upya, na hesabu hupigwa upya.

Huo ndio utaratibu, nao ni mzuri. Walakini una tundu moja kubwa, nalo limo katika mkataba wa kwanza. Msanifu ameajiriwa na mwenye mali, analipwa na mwenye mali, na aweza kuachishwa na mwenye mali. Matajiri wengi wamejifunza njia ya mkato: humlipa msanifu achore tu, wapate muhuri na kibali, kisha humwambia ahsante bwana, kwa heri. Usimamizi wa ujenzi, ambao ndio ungewagharimu fedha na kuwazuia kuongeza ghorofa, hawautaki. Nondo zikipunguzwa hakuna aliyepo wa kukataa kutia sahihi. Ramani iko kabatini ikiwa safi kabisa, na jengo lililosimama nje silo lililo katika ramani.

Hatusemi wasanifu ni watu wabaya. Wapo waliopoteza kazi kwa kukataa kutia sahihi, na hao tunawahesabu kuwa wenzetu. Nchi zetu nazo zina sheria. Kwa mfano Tanzania ina bodi zinazosajili wasanifu, wahandisi na makandarasi, na Kenya ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini bodi haishindi kiwandani. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36, chini ya mwezi mmoja kabla ya msiba wa Savar. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, nyumba ya wapangaji ilianguka usiku wa mvua, wakafa watu wapatao 50, na viongozi walisema ilikuwa imekwisha kuwekwa katika hesabu ya zitakazobomolewa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, jengo la maduka. Kila mara sheria ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu aliye ndani ya jengo kila siku, mwenye haki ya kuuliza na nguvu ya kungoja jibu.

Mtu huyo ni mfanyakazi. Fundi wa boila hahitaji digrii kujua kwamba sakafu inacheza kuliko mwaka jana. Katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji, wanachama wetu waliona mlango wa bohari umeanza kukwama, kisha ufa ukapita ukutani kutoka dirishani hadi chini. Walipakwa chokaa. Yaani ufa ulipakwa, lakini ni kama waliopakwa ni wao, machoni. Walipoomba kuona ramani, meneja aliwajibu kwamba ramani ni siri ya kampuni. Siri gani? Ya kutengeneza dawa au sabuni twaweza kuielewa. Uzito ambao sakafu yaweza kubeba haumtajirishi mshindani yeyote.

Ndugu wa mashambani msidhani habari hii ni ya wenzenu wa mjini. Kiwanda cha majani ya chai nacho kina ghorofa ya kunyaushia, yenye uzito wake. Na nyumba za laini mnazolala, ni msanifu gani aliyezichora, na kwa familia za watu wangapi? Nyingi zilijengwa kwa ajili ya kibarua mmoja asiye na mke, leo zimo familia za watu sita, na jiko limo humohumo. Mkataba wa Kimataifa wa Mashamba Makubwa wa mwaka 1958 unasema viwango vya nyumba hizo, yaani vifaa vya kujengea, ukubwa, hewa, maji na vyoo, viwekwe na serikali, na wawakilishi wa wafanyakazi washauriwe. Ni nchi chache tu zilizouridhia, na hilo nalo ni dai la kupeleka kwa wabunge wetu.

Baada ya msiba wa Savar vyama vya wafanyakazi vya ulimwengu havikutosheka na rambirambi. Mei 2013 makampuni makubwa ya nguo yalitia sahihi mkataba na mashirikisho ya IndustriALL na UNI, mkataba wenye nguvu ya sheria, si ahadi ya hiari. Wahandisi waliingia viwanda zaidi ya 1,600, wakapima nguzo, na taarifa zao zikatangazwa hadharani. Mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari. Na jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote: kiwanda kikifungwa kwa matengenezo, mshahara unaendelea kwa muda uliowekwa. Bila hilo, haki ya kukataa ni haki ya kulala njaa, na tajiri analijua hilo.

Wako watakaosema madai ya namna hii yatawakimbiza wenye mitaji. Hatuoni hivyo. Kuonyesha karatasi iliyokwisha kuchorwa hakugharimu kitu. Anayeona gharama hapo ni yule ambaye karatasi hana.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika kila mkataba wa hali bora utakaojadiliwa kiingizwe kifungu kinachotoa haki kwa kamati ya usalama kuona ramani iliyopitishwa, kibali, na hati ya kutumia jengo. Kamati iarifiwe kabla ya kuongeza ghorofa, mashine nzito au jenereta. Na siku ambazo jengo limefungwa kwa hatari zilipwe. Haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, bila kuadhibiwa, imo katika Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, na tangu 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa ile ya msingi ambayo kila nchi mwanachama yapaswa kuheshimu kanuni zake. Makatibu wa matawi waitaje hiyo kwa namba mezani.

Ombi lipelekwe kwa maandishi, na nakala ibaki tawini. Meneja akijibu kwamba ramani imepotea, katibu aende halmashauri na kuulizia, maana iliyopigiwa muhuri huachwa nakala huko. Akifika aangalie kwanza imeandikwa jengo ni la kazi gani, kisha ahesabu ghorofa.